Maswali Matatu ya Mkaguzi

Mkaguzi hakumwamini mtu yeyote anayejitangaza kwamba anapenda vitabu. Kwa uzoefu wake, wanaopenda vitabu kweli hawasemi. Utawajua kwa haraka yao ya kuondoka mezani. Kwa hiyo siku binti yake alipomleta nyumbani fundi lifti, mchumba, akakalishwa kiti cha wageni, akaulizwa anapenda nini maishani, naye akajibu bila kusita kwamba anapenda kazi yake, mpira kidogo, na vitabu, Mkaguzi aliweka kikombe chini taratibu.

"Vitabu," alisema.

"Ndiyo, mama. Sana."

"Vitabu gani?"

Kijana alimtupia binti jicho. Lilikuwa jicho la kufumba na kufumbua, baba mwenye nyumba wala hakuliona, lakini Mkaguzi aliliona.

"Vyovyote, mama, mradi hadithi iwe nzuri."

Machale yakamcheza palepale. Jibu gani hilo? Hilo ni jibu la mtu anayeulizwa anapenda chakula gani akasema chochote, mradi kimeiva.

Jina la Mkaguzi hakuzaliwa nalo. Alilipata kwenye kiwanda cha nguo, ambako kazi yake tangu ujana ni kukaa mwisho wa mstari wa mashine na kupindua mashati ndani nje. Mezani kwake shati halipiti kwa uzuri wa sura. Anavuta mshono, anaukagua kwa ukucha, anaangalia ncha ya uzi imefungwa au imeachwa, na likimtia shaka analitupa kwenye kapu la kufumuliwa bila kuangalia nani kalishona. Mafundi wa mashine wanamheshimu, na nyuma ya mgongo wanamsema. Mumewe, fundi saa, mwanamume mpole mwenye utani wa chinichini, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mkewe hata akipewa ua atalipindua kwanza aone limeshonwa na nani.

Lakini huyo mkali wa mashati, mpe kitabu uone. Tena kisiwe kipya, kiwe kile kilichopita mikono ya watu, chenye kona zilizochoka. Alisoma akingoja maji yachemke, na maji yalichemka hadi yakaisha. Wakati wa chai kiwandani, alisoma kwenye marobota ya kitambaa nyuma ya stoo, miguu juu, mkate mkononi, akiguna peke yake na kumgombeza mtu aliyekufa kwenye ukurasa wa nyuma. Kila mwaka alijiwekea shindano na nafsi yake. Kuna mwaka alisoma vitabu vinene tu, vile visivyoingia kwenye mkoba. Mwaka mwingine alivirudia vyote alivyovitupa njiani kwa hasira, ili vipate nafasi ya kujitetea, na vingi vilishindwa kesi mara ya pili. Mwaka huu, shoga yake wa meza ya vifungo alikuwa akimfungia vitabu kwa magazeti, jalada lisionekane, naye anachomoa kimoja gizani na kukisoma hata kama ni cha ufugaji wa nyuki. Cha nyuki alikimaliza, na akakisifia wiki nzima.

Vitabu vyote hivyo viliishia kwenye rafu ya korido, kutoka sakafuni hadi darini. Na hapo ndipo palipokuwa na donda lake, maana katika nyumba hiyo hakuna aliyekuwa akivisoma isipokuwa yeye. Mumewe alisoma namba za saa tu. Na binti, mtoto wao pekee, hajashika kitabu tangu utotoni.

Tusidanganyane, sababu ilijulikana. Kulikuwa na sheria nyumbani: ukimaliza kitabu, maswali matatu mezani. Mkaguzi aliianzisha kwa mapenzi kabisa, akidhani ni mchezo, na mwanzoni ulikuwa mchezo kweli. Kitoto kilikuwa kinakuja mbio na kitabu kifuani, mama niulize, mama niulize. Halafu maswali yakaanza kukaza. Jioni moja swali la tatu lilikuwa kwa nini mzee wa kwenye hadithi alifunga geti. Mtoto akajibu. Hapana, rudi kasome. Mtoto akaenda, akarudi, akajibu. Hapana, hujaelewa. Mara ya nne mtoto aliweka kitabu mezani, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akasema yeye vitabu havitaki tena. Akaenda kulala bila kula. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona na kitabu mkononi. Mkaguzi aliwaambia watu kwamba huyo kafuata kwa baba yake. Lakini kila akimaliza kitabu kitamu na kuinua kichwa, akakuta hakuna wa kumsimulia, iliuma, na iliuma sana.

Sasa analetewa mkwe anayependa vitabu. Mtu mwingine angefurahi. Mkaguzi alijiuliza nani kamfundisha kijana huyu kwamba mlango wa nyumba hii unafunguliwa kwa ufunguo huo.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia. "Nitakupa vitabu vitatu, kimoja kimoja. Kila ukimaliza kimoja, njoo tuongee. Ukivimaliza, wazee wako waje. Kikikushinda, niambie kimenishinda mama, sitakula mtu. Lakini ukinidanganya, basi."

"Basi nini?" binti aliuliza.

"Basi hapiti."

"Mama, huyu ni mtu, si shati."

"Ndiyo maana nampa vitabu. Angekuwa shati ningempindua."

Baba alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akakohoa. Binti alimjua mama yake: akisema hapiti, hapiti, na baba hajawahi kumpinga. Fundi lifti alichukua kitabu cha kwanza kwa mikono miwili, akashukuru.

Alikirudisha upesi. Akala, akaulizwa maswali yake matatu, akajibu yote. Tena alijibu kwa utulivu, moja, mbili, tatu, hakujikwaa, hakusema ngoja nikumbuke, hakusema hapo sikupaelewa. Kiwandani Mkaguzi anajua kitu kimoja kuhusu mshono ulionyooka kupita kiasi: huo umeshafumuliwa ukashonwa upya. Mgeni alipoondoka alikifungua kitabu akakinusa. Kilinuka spiriti na dawa ya kikohozi.

Binti alikuwa akifanya kazi duka la dawa. Kwa hiyo kitabu kilikaa duka la dawa. Kwa hiyo kuna mtu huko anayekisoma na kumtafunia fundi lifti ameze. Nani? Si binti, huyo hasomi hata karatasi ya tangazo la harusi. Kesho yake Mkaguzi alikwenda kununua dawa ya kikohozi bila kikohozi, saa ambayo binti yuko stoo, akamkazia macho mfamasia.

"Unasoma nini siku hizi, daktari?"

"Masharti ya dawa, mama. Hii usinywe ukiwa na njaa."

Alimtazama vizuri. Mtu mwenye uchovu ule hamsomei mtu mwingine hadithi. Akarudi nyumbani, dawa akampa mumewe, naye akainywa kwa utiifu siku kadhaa bila kujua anaumwa nini.

Kitabu cha pili ndicho alichokitegea mtego. Alichukua sindano nyembamba kuliko zote na uzi mweupe, akaenda hadi katikati ya kitabu, pale ambapo ndugu wawili wanagundua kwamba shamba wanaloligombania si lao, akashona kurasa mbili pamoja. Mshono mmoja tu wa kushikiza, pembeni, ule ambao kiwandani wanautumia kushika mfuko kabla ya mashine. Msomaji wa kweli atakwama hapo, ataukata na kuuliza. Mwongo atapita na wala hatajua kulikuwa na mlango.

Kitabu kiliporudi, Mkaguzi hakungoja hata mgeni anawe. Alikwenda nacho chumbani, akakifungua. Uzi uko palepale. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha chungu, ile furaha ya kumkamata mtu. Akarudi mezani, akauliza swali la shamba kwa sauti tamu kabisa.

"Shamba halikuwa lao, mama," fundi lifti alisema. "Lilikuwa la yule mama aliyekuwa anawafulia. Wote wawili walikuwa wanamdharau."

Jibu lilikuwa ndani ya kurasa zilizoshonwa, na kurasa bado zimeshonwa. Mgeni alipotoka, Mkaguzi alichukua kioo cha mumewe, kile cha kubandika jichoni wakati wa kutengeneza saa, akauinamia ule mshono. Uzi ulikuwa uleule, au ndugu yake. Lakini matundu yalikuwa manne badala ya mawili. Na mshono wenyewe ulilala upande usio wake. Yeye hushona kwa mkono wa kulia na mshono wake huinamia huku. Huu uliinamia kule. Ni mshono wa mtu wa mkono wa kushoto, na nyumba nzima ilikuwa na mmoja tu.

Kikulacho ki nguoni mwako.

"Unaona nini humo?" mumewe aliuliza kutoka kitandani.

"Binti yako kafungua, kisha kafunga."

"Si vizuri? Wengine wakifungua hawafungi."

"Mtu mwenye haki angekata uzi akaniambia, mama, mbona umeshona kitabu. Anayeshona upya ana kitu anaficha. Wamekula njama. Kuna mtu anasoma, kijana anakariri, na mwanangu ndiye tarishi wao."

Fundi saa aliinuka akakaa kitandani. Kisha akasema, safari hii bila utani, "Ukimkataa huyu kijana, mtoto ataondoka naye hivyohivyo. Mimi nitabaki na wewe na korido yako. Nakupenda, mama watoto, lakini fikiri."

Alifikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo nyongo ilivyompanda. Kama kijana angesema kimenishinda, yangekwisha. Lakini kumdanganya mtu kwa kitu anachokipenda kuliko vyote, tena ukala chakula chake, tena ukamtumia mwanawe wa kumzaa? Alitoa kitabu cha tatu, habari za shangazi mmoja tajiri anayekaa na ndugu zake na kuwapekulia masanduku yao wakitoka. Alimkabidhi fundi lifti huku anatabasamu. Ndani ya moyo alishakwisha kusema hapiti. Alichotaka sasa ni kumwona kwa macho yake huyo msomaji wa kukodi, ili asije akaambiwa anaonea watu.

Nafasi ilijileta yenyewe. Mchana mmoja umeme wa kiwanda ulikatika, mashine zikanyamaza, wakaambiwa waende nyumbani. Mkaguzi hakwenda nyumbani. Alikwenda duka la dawa. Mfamasia alimwambia binti yuko mapumzikoni, labda jengo la ofisi la ng'ambo, huwa anaenda kumpelekea chakula fundi wa lifti. "Na kikohozi kinaendeleaje?" aliuliza. Mkaguzi alikuwa ameshavuka barabara.

Kwenye mlango wa lifti palikuwa na karatasi: lifti mbovu, tumia ngazi. Alipanda. Alipanda kimya, anakanyaga kwa ncha za miguu, mama mzima na mkoba wake. Alipokaribia kona ya ghorofa ya tatu alisikia sauti. Sauti inasoma.

Alijibanza ukutani, akachungulia. Mlango wa lifti ulikuwa umeachwa wazi, shimo jeusi, kizuizi cha njano mbele yake, na chini shimoni taa ya fundi inacheza na bisibisi zinagonga. Kwenye ngazi, mgongo kwake, viatu pembeni, alikaa binti yake. Kitabu kiko mkono wa kushoto. Alikuwa akimsomea mtu wa shimoni, na hakuwa akisoma kama mtoto wa shule. Shangazi alimpa sauti ya puani. Mjomba alimpa kigugumizi. Alipofika pale mjomba anapojificha kabatini akakuta shangazi yumo tayari, alicheka hadi akaweka kitabu gotini kupangusa macho. Mkaguzi alikuwa amekisoma kitabu hicho mara mbili na hapo hakuwahi kucheka. Sasa aliona kwamba panachekesha.

"Rudia hapo pa sanduku," sauti ya fundi lifti ilipanda kutoka shimoni. "Hapo mama yako atauliza."

"Hapo lazima. Atauliza kwa nini shangazi alikaa na funguo zote. Wewe sema aliogopa kubaki peke yake. Ndilo analolitaka."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi naona alizoea tu kupekua. Mtu akizoea kupekua, hata akiwakuta watu wanampenda atatafuta kilichofichwa chini ya upendo wao."

Nyundo iligonga kidogo, ikaacha.

"Mimi nimechoka," fundi lifti alisema. "Mama wa watu ananipakulia nyama ya juu, mimi namdanganya. Nilisema napenda vitabu, na navipenda, lakini herufi na mimi hatuelewani, unajua. Nikisomewa ndiyo nafika. Tumwambie. Tena mwambie unasoma wewe, atafurahi."

"Hapana."

"Kwa nini?"

Binti alikuwa anacheza na kona ya ukurasa, anaikunja, anaikunjua.

"Vitabu vyote vya korido nimevisoma," alisema. "Vyote. Nachukua akienda kiwandani, narudisha kabla hajafika. Hata aliposhona kurasa nilicheka, nikashona tena asijue nimepita. Nikimwambia leo, kesho ataniuliza nimeelewa nini. Nitajibu, ataniambia hapana, rudi kasome. Sasa hivi ni vyangu. Akijua vitakuwa vyake."

Mkaguzi alishika reli ya ngazi kwa mikono miwili. Vyote. Miaka yote hii yeye alilia kwamba hana wa kuongea naye, kumbe mtoto huyu alikuwa nyuma yake ukurasa kwa ukurasa, kitabu kwa kitabu, na alikuwa anamkimbia. Alitaka kupanda ngazi zilizobaki amkumbatie. Alitaka pia, Mungu amsamehe, kumuuliza. Hata kile kinene cha vita? Hata cha nyuki? Ulilia wapi? Ulimpenda nani? Maswali yalimjaa mdomoni, si matatu, hayana idadi, na alipoyasikia yanavyosukumana kutoka alielewa mwanawe anachoogopa.

Hakupanda. Alikaa kwenye ngazi ya chini, kwenye vumbi, akasikiliza. Sura ilipokwisha alivua viatu, akashuka navyo mkononi, na machozi yakimtoka alimwambia mlinzi wa mlangoni kwamba ngazi za humu ni nyingi sana.

Jioni ya kurudisha kitabu cha tatu ilifika. Wote wanne wakakaa. Binti alikuwa ameshika ukingo wa meza. Baba alikuwa hamtazami mtu. Kijana alisukuma sahani mbele kidogo, akajikohoza.

"Mama, kabla hujaniuliza, kuna jambo."

"Najua," Mkaguzi alisema. "Kula, chakula kinapoa."

"Unajua nini, mama?"

"Najua. Na sina swali. Wazee wako waje."

Kijiko cha baba kiligonga sahani. Binti aliinua uso, akamtazama mama yake kwa shaka, jicho ambalo Mkaguzi alilifahamu vizuri maana ni lake. Alikuwa anatafuta mtego uko wapi. Alivuta kila neno kama mshono. Mkaguzi alijipakulia mboga ambayo hakuwa anaitaka, ili mikono ipate kazi, kisha akasema, bila kumlenga mtu yeyote:

"Yule shangazi, mimi simpendi."

Fundi lifti alitazama chakula chake.

"Humpendi kwa sababu mnafanana," binti alisema.

Baba alianza kukohoa, safari hii kikohozi cha kweli. Mkaguzi alihisi uso unamwaka moto hadi masikioni. Ilimchoma, kwa nini tufichane, ilimchoma kabisa. Na swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: kivipi? Neno moja tu. Angeliuliza, mtoto angejibu vizuri, moja, mbili, tatu, kisha angeinuka aoshe vyombo, na mambo yangekuwa yameishia hapo. Alilimeza. Liliteremka kwa shida.

"Huenda," alisema.

Binti aliendelea kumtazama. Alichukua kijiko chake kwa mkono wa kushoto, akakirudisha.

"Ila pale mwishoni," alisema, polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu, "anapobaki na masanduku matupu. Nilimhurumia."

Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali, akafunga mdomo, akangoja aendelee.